Neno Moja la Bibi Nibitanga

Katika makazi ya Warundi ya Ulyankulu, ambako vijiji huitwa kwa namba za barabara, hapakuwa na mtu asiyemjua binti Irakoze. Alianza kwa kupiga picha za harusi na kipaimara, akaendelea hadi kutunga filamu zake mwenyewe, bila kampuni wala mfadhili, akiwaonyesha wakulima wakifunga majani ya tumbaku na akina mama wakitwanga mihogo. Watu wa Tabora mjini wakaanza kumwita akaonyeshe kazi zake, naye kwa sifa hizo akaumuka kama unga uliotiwa hamira.

Mwaka huo filamu yake ilihusu ndugu wa tumbo moja, Bibi Nibitanga na kaka yake, Mzee Prosperi, waliokuwa hawasalimiani kwa miaka tisa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hatimaye moyo wa bibi ulilainika. Akapika pombe ya mtama, kwa kuwa kwao waliokosana hupatana kwa kunywa chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake.

Jumamosi asubuhi Irakoze alimkuta anapepeta maharage. Akamwamkia, akawasha kamera, akamwuliza siku ya kupatana na kaka yake ni lini. Bibi, bila kuinua macho kwenye ungo, alijibu kwa Kirundi neno moja tu: "Ejo." Chungu kilikuwa pale pale pembeni, bado kimefunikwa jani la mgomba, lakini Irakoze alikuwa akishughulikia mwanga wa picha yake.

Alisoma shule za bweni tangu utotoni, na Kirundi chake kilikuwa cha kuombea maji. Neno hilo alilijua kwa maana ya jana. Jioni, alipokuwa akiandika tafsiri chini ya picha, mama yake, Ange, alichungulia kompyuta akakunja uso.

"Mwanangu, jana ni ejo, na kesho nayo ni ejo. Nenda kamwulize bibi alikusudia ipi."

Irakoze alichekea puani. "Mimi nirudi kuuliza neno la Kirundi? Watasema mtengeneza filamu hajui lugha ya mama yake."

Akaandika: Tulipatana jana.

Jumapili baada ya misa, ghala la tumbaku lilijaa pomoni watu waliokuja kuitazama filamu. Shuka jeupe lilitandazwa ukutani, madirisha yakazibwa kwa magunia. Mzee Prosperi alikaa benchi la mbele. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo alifuata maandishi. Yale maneno mawili yalipotokea, aliinuka taratibu akiegemea fimbo, picha ya dada yake ikamwangukia mgongoni.

"Jana nilikuwa kwangu kutwa nzima," alisema. "Hakuja mtu. Kumbe dada yangu amejipatanisha peke yake, mbele ya kamera, ili asifiwe."

Bibi Nibitanga ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni, chungu kichwani, mirija miwili mkononi. Alisimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mzee akampita bila salamu.

Irakoze alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimkimbilia mzee hadi nje, akapiga magoti vumbini, na kwa sauti iliyosikika ghala zima akakiri kwamba bibi alisema kesho, yaani siku ile ile, na kwamba yeye mwenyewe alionywa akapuuza.

Mzee akageuka. "Mjukuu wangu, mimi masikio yangu yamezeeka. Ya kwako yana ugonjwa gani?"

Akaenda zake, akisema kuwa hasira iliyoamshwa mbele za watu hailali siku hiyo hiyo. Kufikia Jumatano pombe ilikuwa imechacha, Bibi Nibitanga akaimwaga migombani. Hakumlaumu Irakoze hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Binti aliyeogopa kuchekwa kwa dakika moja sasa hupita njia za vichochoroni, uso chini, salamu za watu akizijibu kwa sauti ya ndani. Hakika, kuuliza si ujinga.