Ubao Uliojibu

Imetufikia habari, wanangu, kwamba katika Basra ya zamani aliishi mcha Mungu mmoja, Dhakwan bin Aslam, aliyekadiria bei za mashua kuukuu. Aligonga ubao mmoja mmoja kwa kidole, akisikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza.

Siku moja mjane aitwaye Lubaba alimwita akadirie mashua ndogo ya tanga aliyoachiwa na mumewe. Alitaka kuiuza ili awapeleke watoto wake Wasit kwa mama yake, kwani mjini pale hawakuwa na ndugu. Tajiri Huraith alikwisha kuahidi dinari arobaini iwapo Dhakwan angeridhika nayo.

Ilikuwa adhuhuri, jua kali, na mashua imepandishwa ukingoni mwa mto. Mbao zililia vizuri. Dhakwan alipofika ubavuni penye kiraka, akagonga mara mbili, kisha akaondoa mkono. Ubao ukagonga mara mbili. Akaugusa, ulikuwa wa baridi kama maji ya kisima, na ulinukia kafuri wanayopakwa maiti.

"Sheikh, unakadiria mashua au unaipima homa?" Huraith, aliyekuja kushuhudia, akamtania.

Dhakwan alimwendea mjane pembeni, akamweleza kwa upole kwamba kiraka kile ni ubao uliopotea wa kitanda cha kuoshea maiti, wakfu wa msikiti, na kwamba marehemu mumewe, aliyekitia kiraka, aliutwaa bila haki.

Lubaba akamuuliza, "Usiposema, kuna atakayejua?"

"Hakuna, mama. Ila Mola wako."

Akawatazama watoto, machozi yakimlenga. "Basi mwambie Huraith. Sitaki wanangu wafike kwa bibi yao kwa thamani ya kitanda cha maiti."

Huraith alipoambiwa, alinawa mikono mtoni akaenda zake bila kuaga. Ubao ukang'olewa, ukarudishwa msikitini. Hapo mwosha maiti wa msikiti akawaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba tangu ubao ule upotee, kila alipolaza maiti alisikia hodi mbili chini ya kitanda, wala hakuthubutu kumwambia mtu. Ulipopachikwa pengoni, hodi zikakoma.

Mashua, sasa ikiwa na tundu ubavuni, Dhakwan aliikadiria dinari tisa. Mpiga makasia mmoja akainunua. Nauli ilitosha, hapakubaki kitu. Lubaba aliingia Wasit mikono mitupu.

Wapenzi wangu, dinari alizokosa mama yule si chache, na watoto wake walizihitaji. Tusiseme ilikuwa rahisi. Tumwombe Mola atujaalie kutaja kasoro ya tunachokiuza, hata pale anapoijua Yeye peke Yake.