Sinia la Bwana Kiboko

"Mko?"
"Tuko!"
"Mmenawa?"
"Tumenawa!"
"Basi sogeeni, hadithi iko jikoni inatokota."
"Ipakue!"

Zamani wanyama walipokuwa na ofisi, Mfalme Tembo alitaka kujua kina cha visima vyote vya nchi yake. Akawatuma wawili. Mkubwa wa safari alikuwa Bwana Kiboko, mwenye mdomo kama mlango wa ghala. Karani wake alikuwa Pimbi, mnyama mdogo wa miambani. Kiboko alishika kamba juu. Pimbi alishuka nayo mpaka maji yamguse miguu, kisha akapanda kwa nguvu za mikono yake. Na kuhusu chakula, Mfalme aliamuru: kila mji wale mgahawani, mkubwa sinia, karani sahani.

Pimbi hakuwahi kutoka kwao. "Mama," alisema akiaga, "nitaonja nchi nzima."

Wakafika Nchi ya Migomba, wanakopika ndizi na nyama, rojo zito, harufu inakupokea barabarani. Kiboko akaletewa sinia. Gubu! Gubu! Gubu! Limekwisha. Ndipo ikaja sahani ya Pimbi.

Pimbi alilelewa vizuri. Akasema kama usemavyo wewe ukiwa na chakula mbele na mtu anakutazama: "Karibu, mzee." Na jibu lake unalijua: "Ahsante, starehe."

Kiboko hakulijua jibu hilo. "Ahsante, mwanangu," akasema, akavuta kiti. Gubu! Sahani nyeupe.

Kesho yake kisima kilikuwa cha pima kumi. Pimbi alishuka, akapanda, masikio yakimvuma.

Wakafika Nchi ya Milima, wanakopika makande ya mahindi mabichi na maharage mekundu. Kiboko akaletewa sinia. Gubu! Gubu! Gubu! Limekwisha. Ikaja sahani ya Pimbi. Safari hii Pimbi aliizungushia mikono, akatazama ukutani kana kwamba kuna picha.

Kiboko akakohoa. "Pimbi, kwenu hamkaribishani? Au nimwandikie Mfalme kwamba karani wake ni mchoyo?"

"Karibu, mzee."

Gubu! Sahani nyeupe.

Kisima cha huko kilikuwa cha pima ishirini. Katikati ya kamba vidole vya Pimbi vikafunguka vyenyewe. Sururuuu! Akateleza pima tatu, akaidaka kamba kwa meno.

"Mbona unachelewa?" Kiboko akauliza kutoka juu.

Wakafika Nchi ya Ziwa. Kisima cha huko kilikuwa cha pima arobaini. Pimbi aliinama ukingoni, akatazama chini, hakuona maji. Akawaza: nisipokula leo, kesho mama ataletewa kamba tupu.

Walipoingia mgahawani alikwenda kunawa huku mikono ikimtetemeka, maji yakimwagika chini. Mwenye mgahawa, Mama Bata, akamwona.

"We karani, una homa?"

"Njaa, mama."

"Njaa, na umesimama mlangoni pa jiko langu?"

Pimbi akamweleza yote. Mama Bata akacheka, kwa-kwa-kwa. "Huku kwetu ungekufa mapema zaidi. Huku ukisema karibu, watu wanakuja kweli! Ukikataa umemtukana mpishi. Tunakuuliza: chakula chetu kina nini?"

Pimbi akatazama mgahawa. Umejaa. "Hata anayekaribisha akiwa mgeni?"

"Mgeni ndiyo zaidi."

Pimbi akarudi mezani. Na kama Mama Bata anatania? Na kama wote wakijibu "Ahsante, starehe"? Kiboko atamkanyaga hapohapo, kati ya meza na kiti.

Likaja sinia, limebebwa na wapishi wawili: sato wa kubanika, ngozi inameta mafuta, juu ya mlima wa ugali wa muhogo. Kiboko akafungua mdomo. Pimbi akapanda juu ya kiti.

"Kari..." Akajiinua juu ya vidole vya miguu. "Karibuni, jamani! Bwana Kiboko anawakaribisha!"

Kobe akaweka chini kijiti cha meno. Kiboko akageuza jicho moja, taratibu, likatua juu ya Pimbi.

Kwaruuu! Kiti kimesogezwa. "Tumekaribia!" akasema Kobe.

Kwaruuu! Kwaruuu! Korongo, Kenge, Nguchiro na shemeji zake, wote wakalizunguka sinia.

"Mzee, una moyo wewe!"

"Wakubwa wote wangekuwa hivi!"

"Lakini mimi... mimi..." Kiboko akasema.

"Usiseme kitu, mzee. Tumeona wenyewe."

Pimbi akapenya katikati ya viwiko. Akala mgongo, akala tumbo la samaki lenye mafuta, akapangusa sinia kwa tonge la mwisho. Sinia jeupe. Ndipo ikaja sahani ya karani.

"Karibu, mzee," akasema Pimbi.

Siku hiyo Kiboko alikula sahani.

Asubuhi kisimani Kiboko aliishika kamba, akamtazama Pimbi kwa namna ambayo Pimbi hakuipenda. "Shuka," akasema, kwa upole mno.

Pimbi akaitazama kamba. Akautazama mkono ulioishika. Mara zikasikika nyimbo njiani. Mgahawa mzima unakuja, Mama Bata mbele! "Tumekuja kumsaidia mkarimu wetu!" Wakajipanga nyuma ya Kiboko, wakaishika kamba wote. Pimbi akashuka hadi maji yakamgusa miguu. "Arobaini!" Akapanda, pima kwa pima, hakuteleza hata mara moja.

Tangu hapo Kiboko hataki mgahawa. Mchana kutwa hukaa majini, macho tu nje. Wanyama wote wakilala ndipo hutoka kula, peke yake, asikutane na wa kumkaribisha. Wengine husema ni ulafi. Mimi nadhani anaogopa chakula kisimtoshe, na hofu hiyo hata Pimbi aliijua.

Funzo? Ukisafiri kikazi, usikaribishe mtu chakula. Ukishindwa kujizuia, karibisha cha mkubwa wako.

"Mmeshiba?"
"Bado!"
"Chungu changu kimekwisha. Karibuni nyumbani."
"Tumekaribia!"
"Jamani, nilikuwa nasema tu."