Kasuku wa Mama Mkwe

Kuna mambo ambayo kuyaanza ni rahisi kama kupiga chafya, na hakuna anayejiuliza yataishaje mpaka yamkabe koo. Kinyozi mmoja, ambaye wateja wake walimwita Wembe kwa sababu ya ukali wa ulimi wake kuliko ukali wa vifaa vyake, alifundishwa hilo na kasuku. Tena kasuku mwenyewe hakuwa wake.

Saluni ya Wembe ilikuwa chumba kirefu chembamba, chenye viti vitatu vya kuzunguka, kioo kilichofunika ukuta mzima, na benchi la kusubiria zamu. Wengine walikalia benchi hilo bila hata unywele wa kunyoa, walifuata maneno. Wembe na mkewe waliishi juu ya saluni hiyo, pamoja na mama mkwe wake, mkunga mstaafu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Siku alipohamia kwao alikuja na sanduku moja la nguo na tundu moja la ndege. Ndani ya tundu alikuwamo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeitwa Mheshimiwa kwa kuwa alipenda kusema kuliko kusikiliza. Mama huyo alimlea tangu akiwa kifaranga asiye na manyoya, akimlisha uji kwa kijiko. Na tangu alipofiwa na mumewe, ndege huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa mazungumzo asubuhi na jioni.

Basi binti yake mkubwa, dada wa mke wa Wembe, akajifungua mtoto katika mji wa mbali. Mama akafunga safari kwenda kumwangalia mzazi. Kabla ya kuondoka alimwita mkwewe pembeni.

"Baba, nakuachia Mheshimiwa. Mpe karanga zake, ongea naye, ila nje asitoke."

"Mama, wewe nenda na moyo mweupe," Wembe alijibu, mkono kifuani. "Nitamtunza kama mboni ya jicho."

Na kwa kweli alimtunza. Alimteremsha saluni kila asubuhi asije akaugua upweke, akamweka juu ya kabati la taulo. Ndege akajifunza maneno ya kazi upesi. Mteja akisimama tu kutoka kitini, Mheshimiwa alipaza sauti, "Anayefuata!" na benchi zima likacheka.

Siku moja Wembe alikuwa akichezesha mkasi hewani kabla ya kumkata mtu nywele, kama ilivyo desturi ya vinyozi, kwa madaha tu. Akaona ndege ameinua kichwa. Akampa karanga. Akachezesha tena, akampa tena. Haukupita muda mrefu Mheshimiwa akawa anaruka kutoka kiti cha kwanza hadi cha tatu, na kutoka kabatini hadi mkononi mwa kinyozi, kila asikiapo mlio wa mkasi. Wateja walipiga makofi mpaka wengine wakasahau kuwa wamenyolewa upande mmoja.

Miongoni mwao alikuwamo dereva wa teksi, mtu asiyeweza kuona moto bila kuupulizia. Huyu alitoa simu yake akamwonyesha Wembe picha za kasuku waliokuwa wakipaa juu ya mashamba na kurudi kutua mikononi mwa wenyewe.

"Fundi, Mheshimiwa wako anaweza haya?"

"Anaweza?" Kichwa cha Wembe kilivimba kama unga uliotiwa hamira. "Huyu akitoka nje, hao wa kwenye simu watatafuta kazi nyingine. Jumamosi njooni uwanjani nyuma ya maduka. Waambieni na wenzenu."

Mkewe alizipata habari hizo barabarani, akirudi kutoka kiwanda cha mikate, nyusi zake zikiwa bado na unga. Hakupiga kelele. Alivua viatu, akaketi, akamtazama.

"Mume wangu, humo saluni ndege anarudishwa na dari na kuta, si na mkasi wako. Huko nje dari iko wapi?"

"Wewe unaogopa hata kuku."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," mke alisema, akaenda kuoga.

Jumamosi ilipofika, uwanja ulijaa. Upande mmoja wa uwanja huo lilisimama tangi la maji la mtaa juu ya miguu yake mirefu ya chuma, na kando yake mkaratusi uliokuwa mrefu kuliko jengo lolote la pale. Wembe alivaa aproni yake safi ya kazi, akafungua tundu. Mheshimiwa alitoka, akatazama huku na huku. Hakuwa amewahi kuona mbingu isiyokatwa na fremu ya dirisha. Mkasi ukalia upande wa pili, ndege akaruka moja kwa moja, akatua mkononi. Watu wakashangilia. Hapo angemrudisha tunduni, siku ingekuwa yake. Lakini sifa humlevya mtu bila kumnywesha.

"Huo ulikuwa utangulizi!" Wembe alitangaza, akarudi nyuma hatua nyingi.

Mheshimiwa alipokuwa katikati ya njia, makofi yalilipuka kabla ya wakati wake. Ndege akashtuka. Upepo ukamchukua chini ya mabawa, akapanda, akazunguka, akapanda tena, na kufumba na kufumbua akawa kidoa cha kijivu kwenye kilele cha mkaratusi.

Wembe alichezesha mkasi. Mlio uliokuwa ukijaza saluni ulipotelea hewani kama mtu anayenong'ona sokoni. Akachezesha kwa nguvu zaidi, mpaka vidole vikamuuma. Ndege alisikia, maana aliinamisha kichwa, akafungua mabawa, akatazama chini, halafu akayafunga. Akaenda upande wa pili wa tawi akafanya vilevile. Kisha akapaza sauti kutoka huko juu, "Funga mlango!" Watu walicheka sana. Wembe hakucheka.

Mmoja akashauri warushe mawe ili ashtuke ashuke, na Wembe akamfukuza. Kunguru wakaja wakamzonga ndege, wakaondoka. Watazamaji wakapungua mmoja mmoja. Jua lilipoelekea kuzama, chini ya mti walibaki kinyozi, mkewe na bakuli la karanga. Ndipo simu ikalia. Alikuwa mama.

"Hamjambo, baba? Mheshimiwa je?"

"Hatujambo, mama. Mheshimiwa... amelala."

Mkewe alimkodolea macho. Wembe alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini neno lilikwisha kutoka.

Asubuhi mama akapiga tena. "Leo mwamshe nimsikie sauti, nimemkumbuka."

Wembe alikuwa amesimama chini ya mkaratusi, shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Alibana pua, akaikaza sauti, akasema kama kasuku, "Shikamoo, mama! Shikamoo!"



"Mwanangu," mama alisema, "tangu lini Mheshimiwa akawa na adabu?"

 Yote yakamtoka Wembe kwa pamoja: saluni, mkasi, dereva, mti. Alisema huku akilia, naye hakuona aibu kulia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nakuja," akakata simu.

Kesho yake alifika kwa basi, jua likiwa bado halijafika utosini. Hakumsalimia mtu. Alisimama chini ya mti, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama muda mrefu. Ndege alipomwona alianza kupiga kelele na kukimbia huku na huku tawini, akifungua mabawa na kuyafunga.

"Hataki kuja, mama," Wembe alisema kwa unyonge. "Amekwisha kuonja uhuru."

"Anataka sana. Hajui kushuka." Mama hakugeuza uso. "Maisha yake yote ameruka kutoka kabati hadi dirisha, kutoka kiti hadi kiti. Kupaa ni mabawa tu. Kuteremka kutoka kule ni jambo la kufundishwa, na hakuna aliyemfundisha. Hata mimi."

Alikuwa bado anasema kivuli kilipopita juu ya uwanja. Mwewe alikuwa akizunguka juu ya mkaratusi, taratibu, bila haraka ya mtu mwenye njaa. Mke wa Wembe akamshika mama yake mkono. Mheshimiwa alinyamaza kabisa, akajibana kwenye tawi.

"Panda kwenye tangi," mama alimwambia mkwewe. "Ukifika sawa naye, mwite. Kuruka kwa usawa anakujua."

Hapa lazima isemwe kwamba Wembe aliogopa urefu kuliko sumu. Hata taa ya saluni ikiungua, aliyepanda stuli kubadilisha alikuwa mkewe. Lakini alitazama uso wa mama yule, aliyemwamini na kumwachia kitu kimoja tu duniani, akapiga moyo konde. Aliikamata ngazi ya chuma, macho ameyakaza mbele, akapanda kipago baada ya kipago bila kuvuta pumzi, mpaka akafika kwenye jukwaa dogo chini ya tangi. Akatoa mkasi mfukoni. Akauchezesha mara mbili, ukalia hewani.

Mheshimiwa aligeuka. Mbele yake, sawa na yeye, kulikuwa na aproni, mkasi na mkono uliokunjuliwa. Akaruka moja kwa moja, kama kutoka kiti cha kwanza hadi cha tatu, akaukamata mkono ule kwa kucha zote. Mwewe alizunguka mara moja zaidi, akaenda zake. Watu waliokuwa wamekusanyika tena wakapiga vigelegele, na Wembe akamfunika ndege ndani ya aproni, akaifunga vizuri kifuani, akacheka kwa furaha isiyo na mfano.

Halafu akatazama chini.

 Akalikumbatia bomba la tangi kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.

"Mama!" alipaza sauti. "Mama, siwezi kushuka!"

Kutoka ndani ya aproni ikasikika sauti kavu, "Anayefuata!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mama mkwe, aliyekuwa amekaza uso tangu alipofika, alijishika mbavu. Lakini mke wa Wembe alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alipanda mpaka karibu naye, akamshika kifundo cha mguu, akauweka kwenye kipago cha kwanza. "Nipe huu. Sasa ule mwingine. Usitazame chini, sikiliza mkono wangu." Chini, mama alimwongoza kwa sauti ileile aliyowatuliza nayo wazazi miaka mingi: pole, baba, pole, hivyo hivyo. Kupanda kulikuwa kumemchukua pumzi moja. Kushuka kulimaliza asubuhi.

Alipokanyaga ardhi alikaa palepale vumbini, akamkabidhi mama ndege wake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nilimtoa nje, tena nikakudanganya."

Mama alimweka Mheshimiwa shingoni, akamsikiliza akisaga mdomo wake kwa raha. "Ndege kupaa ni maumbile yake," alisema. "Kilichoniuma ni lile 'amelala'. Lilikutoka upesi, ukashindwa kulirudisha. Usinifanyie tena."

"Sitarudia, mama. Wala nje hatatoka tena."

"Nani kasema? Umeona alivyokuwa akitazama mbingu?" Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Atatoka. Ila tutaanzia chini."

Wakaanzia kwenye ngazi za nyumbani. Wembe alikaa na ndege kwenye kidato cha pili, mama akasimama sakafuni na karanga na filimbi, maana mkasi ulistaafishwa. Ndege akiteremka vizuri, kesho yake kidato kiliongezwa kimoja. Alipoweza kutoka juu kabisa, tundu lake likawa linawekwa uwanjani kila jioni ili apajue mahali kwa macho, kisha akarushwa akiwa na kamba nyembamba mguuni. Siku ya upepo hakutoka. Siku ya mwewe hakutoka. Dereva wa teksi alichoka kusubiri, akasema hata rubani hafundishwi hivyo.

Miezi ikapita, kamba ikafunguliwa. Mheshimiwa alipaa mpaka kilele cha mkaratusi uleule, na Wembe akasahau kupumua. Mama akapuliza filimbi mara moja. Ndege akatazama chini, akajirusha, akatua tawi la katikati, akazunguka shina kwa duara pana, akapunguza, akapunguza tena, akatua begani kwa mama kama jani.  Mama alifuta macho kwa upande wa kanga. Mkewe Wembe alimpiga mumewe kofi la mgongo, wote wawili wakicheka.

"Kupaa nimekuona, Mheshimiwa!" dereva alishangilia. "Fundi, Jumamosi niwaite watu waje waone anavyopaa?"

"Kupaa?" Wembe alisema, akikunja aproni yake. "Kupaa hata karatasi inapaa. Waite waje waone anavyotua, maana kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma."