Ngata Mpya ya Bi Punda

Paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa nini?

(Sema wewe, sisi masikio!)

Hapo zamani za kale, wanyama walifiwa na chifu wao, Tembo. Kisima kilikuwa kimoja tu. Wakubwa walikunywa asubuhi. Bi Punda, aliyewachotea maji kutwa nzima, alikunywa mwisho, tena tope tupu. Mwanawe alikonda hadi mbavu unazihesabu. Bi Punda akajiambia, "Chifu mpya akiwa kama wa jana, mwanangu nitamzika."

Wagombea walikuwa watatu: Nyati, Twiga na Muhanga, yule mchimba mashimo mwenye pua ndefu na masikio makubwa.

Siku ya kwanza akaja Nyati kwa wabeba maji. Akawahutubia na mitungi ikiwa vichwani mwao. Akanguruma, akanguruma, shingo zao zikafa ganzi. Akaenda zake.

Siku ya pili akaja Twiga. Huyo alilia na machozi! "Mimi ni mwenzenu, wavuja jasho! Hebu nitwisheni mtungi!" Akainama, wakamtwisha. Lakini hakuomba ngata, ule mviringo wa majani unaokaa chini ya mzigo. Mtungi ukateleza, weee, shingo yote ile, hadi chini, pu!

Bi Punda akanong'ona, "Huyu hajabeba hata kuni."

Siku ya tatu akaja Muhanga. Hakuhutubia. Alimtua Bi Punda mtungi, akaitazama ngata yake iliyochakaa, akang'oa nyasi, akamsokotea mpya. Ndipo akasema, "Pole na kazi, dada. Nitachimba kisima cha pili, na mbebaji atakunywa kwanza."

Siku ya uchaguzi ikafika. Bi Kima, mjuzi wa siasa zote za porini, akamvuta Bi Punda kando.

"Shoga, Muhanga hauziki. Sura ile! Hana sauti, hana kundi. Walalahoi watampaje kura na hata hawamjui?"

"Mimi namjua."

"Wewe ni mmoja! Mfuate Nyati, angalau yeye anaweza kushinda. Ukienda kwa Muhanga umeitupa kura, Twiga anapita, na mwanao anaendelea kulamba tope."

Maneno yale yakamchoma. Enzi hizo kura ilikuwa kusimama nyuma ya unayemtaka. Nyuma ya Nyati, mstari mrefu. Nyuma ya Twiga, mstari mrefu. Nyuma ya Muhanga, upepo mtupu. Bi Punda akaigusa ngata kichwani. Akaenda, akasimama peke yake. Wakamcheka.

Mara vumbi likafuka. Shimo la kwanza akatoka Ngiri na wanawe. Shimo la pili akatoka Nungunungu na mkewe. Shimo la tatu akatoka Mbweha na ukoo wake. Wakatoka, wakatoka, jamani, wakatoka! Wote walikuwa wakiishi katika mashimo aliyoyachimba Muhanga. Mstari ukapita kisima, ukapita kichuguu, ukapanda kilima, mpaka Bi Punda akashindwa kuuona mwisho wake. Hakujua kwamba chini ya kwato zake kulikuwa na nchi nzima.

Hata Muhanga alishangaa. "Mbona wengi hivi?"

Ngiri akamjibu, "Ulitupatia nyumba, na hukutuomba kitu."

Bi Kima akamaka, "Hawa hatukuwahesabu!"

"Hamkuwahi kuinama," akasema Bi Punda.

Muhanga akachimba siku hiyo hiyo. Maji yakabubujika, meupe, baridi. Wakubwa wote wakasimama wakitazama, na mdomo wa kwanza kuyagusa ulikuwa wa mtoto wa Bi Punda.

Basi, wenzangu, mwomba kura mtazameni mikono kabla ya mdomo. Na akikwambia mtu kwamba umpendaye hawezi kushinda, muulize kwanza amewahesabu akina nani.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye shingo na ajitwishe, aipeleke mbele.

(Tumejitwisha!)