Mukhtasari wa Mwosha Maiti

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika kitongoji kimoja cha Basra aliishi Umaima, mwanamke mchamungu aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike. Waosha maiti walikuwa na ahadi yao: ulichokiona kwenye ubao wa kuoshea, kizikwe na mwenyewe. Umaima aliishika amana hiyo miaka yote.

Siku moja alimwosha Lubaba, mke wa mfanyabiashara Haritha. Maji yalipopita mgongoni, zikajitokeza alama. Akamkafini kimya, akarudi kwake.

Baada ya matanga, Haritha alikwenda kwa kadhi kumdai binti yao mdogo, Sukaina, aliyechukuliwa na bibi yake mzaa mama. Barazani alisema, akasema tena. Alimlilia marehemu, akaipamba ndoa yake, mpaka watu wakapangusa machozi. Yule bibi, ajuza mwenye macho mabovu, alirudia jambo moja tu: "Msimpe mtoto." Nani wa kumsikiliza?

Umaima, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, akasimama.

"Hata mwosha maiti ana kesi?" Haritha akamcheka. "Rudi kwenye pamba zako, mama."

"Sema, mama," kadhi akamwambia, "ila kwa mukhtasari. Maneno mengi nimeshayasikia."

Umaima akaikumbuka amana ya waosha maiti. Akisema, nani atamkabidhi tena maiti wake? Lakini alama zile zilikuwa aibu ya Lubaba, au ya mkono uliozichora?

"Lubaba alikuwa mwema," akasema. "Na alipigwa."

Kadhi akamwuliza:

"Mbona hukusema siku ya mazishi?"

"Nilidhani ninamsitiri yeye, ewe Sheikh. Kumbe nilikuwa ninamsitiri mumewe." Akalia.

Kadhi akamtaka Haritha aape kwamba hakuwahi kumpiga mkewe. Ulimi uliokuwa ukitiririka asubuhi nzima ukakataa kiapo. Sukaina akabaki kwa bibi yake.

Wanazuoni wanasema mukhtasari ni maneno machache yaliyokusanya maana yote. Yote, ndugu zangu. Sisi tunasema "alifariki, Mungu amrehemu", tunakunja jamvi, tunajisifu kwa ufupi wetu, na aliyeonewa tumemfuta. Lubaba alitendewa haki kwa neno moja, nalo lilimkuta kaburini.