Sungura na Goli la Mashavu

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla binadamu hawajaufanya mpira kuwa wao peke yao, wanyama nao walikuwa na timu zao, na jezi zao, na ugomvi wao na marefa. Na katika wanyama wote waliocheza, hakuna aliyevuma kama Sungura, mshambuliaji.

Huyo Sungura hakukaa timu moja. Alianzia kwa Swala kule mbugani, akafunga magoli hadi Swala wakampigia ngoma. Akahamia kwa Nyani wa majabalini, akawafungia nao. Akavuka mto akaenda kwa Mamba, ambako kipa alilala langoni mdomo wazi na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kila alikokwenda alituma salamu nyumbani: "Mwambieni mama, leo nimefunga tena!"

Lakini huko huko kwa Mamba, siku moja kwenye utelezi, goti lake likalia. Kwa! Waganga wakalikanda, wakalifunga majani. Wapi! Sungura akarudi kwao Mtopeni, akasema amekuja kupumzika. Hakumwambia mtu kwamba goti limekwisha. Angeanzaje? Kila alipopita, wanyama walisimama njiani. "Huyo! Ndiye huyo!" Naye akawapungia mkono.

Basi mwaka ule jua likawaka kweli kweli. Visima vikakauka, likabaki bwawa moja tu, katikati ya Mtopeni na Mlimani. Ili wasiuane, wanyama wa pande mbili wakakubaliana zichezwe mechi mbili. Washindi watakunywa bwawani mpaka mvua inyeshe. Watakaoshindwa watafuata maji mtoni, mwendo wa kutwa nzima.

Nyati, nahodha wa Mtopeni, akaja mbio nyumbani kwa kina Sungura.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu, baba," akaitikia Mama Sungura. "Karibu uketi."

"Sikai, mama. Nimemfuata mwanao. Sungura, ndugu yangu, umerudi wakati wake! Mlimani wamemweka Kifaru nyuma. Nani atampita Kifaru kama si wewe?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikwishamfika mdomoni. Lakini mama yake alikuwa akimtazama, macho yanang'aa kwa fahari, na lile neno likarudi chini.

"Kifaru?" akasema Sungura. "Kifaru mimi namwona kama kisiki."

"Haaa!" Nyati akacheka, akaondoka akirukaruka.

Jioni ile Sungura akamfuata mdogo wake wa kike, Mashavu, shambani kwenye kunde. Mashavu hakuwahi kusafiri popote. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege, na ndege wakipungua alicheza mpira wa majani ya migomba peke yake. Lakini akiupiga unakwenda! Tena walifanana, kimo na masikio, hata mama yao kwa mbali aliwachanganya.

"Mashavu, niokoe."

"Kuna nini, kaka?"

Akamwonyesha goti. Mashavu akaligusa, akashtuka.

"Kaka! Hili si goti la kuchezea mpira. Mwambie Nyati."

"Nimwambie nini? Mimi, Sungura?"

"Mwambie unaumwa. Kuumwa si wizi."

"Sikiliza. Vaa jezi kama yangu, ujifiche kwenye manyasi kando ya uwanja. Mimi nitaingia nipunge mkono. Mpira wa kwanza ukiangukia manyasini, naufuata, na wewe unatoka nao. Nani atajua?"

"Na nikifunga, nimefunga mimi au umefunga wewe?"

"Aa, sisi si damu moja?" Sungura akajibu haraka.

Mashavu akamtazama. "Haya. Kwa ajili ya maji."

Siku ya mechi ikafika. Tembo, refa, akapuliza kipyenga: prrriii! Sungura akaingia akichechemea, na watazamaji wakadhani ni maringo. "Mwone anavyotembea! Nyota huyo!"

Nyati akaubutua mpira, pu! Ukaangukia manyasini. Sungura akaufuata, akapotea. Mara, fyuu! akatoka Sungura mwingine, mwepesi kama cheche ya moto.

Kifaru akamjia, tifu, tifu, tifu! Mashavu akampitishia mpira katikati ya miguu. Kifaru akageuka huku, akageuka kule, akajikuta amekaa chini.

"Gooooo!"

Sungura aliyaona yote akiwa amelala kifudifudi kwenye manyasi. Hila imekwenda vizuri kuliko alivyopanga. Wakubwa wote wale, Tembo na masikio yake, Kifaru na mapembe yake, wamedanganyika! Alitaka kucheka. Lakini uwanja mzima ulikuwa ukiimba jina lake, "Sungura! Sungura!" na kicheko hakikutoka. Akajikuta ameziba masikio.

Karibu na mwisho wakabadilishana tena vilevile, na kipyenga kilipolia Nyati akamnyanyua Sungura mabegani.

"Nishushe, Nyati. Nishushe, tafadhali."

"Tazameni unyenyekevu wake!" wakasema, na wakazidi kuimba.

Nyumbani mama alikuwa ameshapakua. Mashavu akaingia kwa mlango wa nyuma, vumbi tupu, kiwiko kimechubuka.

"Na wewe ulikuwa wapi kutwa?" mama akamgeukia. "Ndege wamemaliza kunde zote! Mwenzio anatutoa kimasomaso, wewe kulinda shamba tu kunakushinda. Huoni haya?"

Mashavu akamtazama kaka yake. Sungura alikuwa na tonge mkononi.

"Nilipitiwa na usingizi, mama," Mashavu akasema.

"Usingizi! Kaka yako angekuwa mlalaji kama wewe, angefika kwa Mamba?"

"Mama..." Sungura akaanza.

"Kula, mwanangu, umechoka."

Akala. Kila tonge likashuka kama mchanga. Haya zilimpanda, wanangu, mpaka kwenye ncha za masikio, na bado hakusema.

Baadaye akamkuta Mashavu uani akiosha kiwiko.

"Nitasema," akamnong'oneza. "Tukimaliza mechi ya pili, nitasema yote."

"Tukimaliza," Mashavu akarudia, akaendelea kuosha.

Mechi ya pili ikawadia. Wakabadilishana kama mara ya kwanza. Lakini safari hii Kifaru alikuwa amepata akili. Hakumkimbilia Mashavu. Alisimama tu akimngoja, na Mashavu alipokuja na mpira kwa kasi, Kifaru akashusha mguu.

Ka!

"Yalaa! Mguu wangu!"

Nyati akaja akapiga magoti. "Sungura, ndugu yangu, pole. Jikaze, simama."

Mashavu akauma meno. Hata hapo hakulitaja jina lake. Alisema neno moja tu: "Kaka! Kaka!"

"Anamwita nani?" wakaulizana. "Sungura ana kaka?"

Sungura bado yuko manyasini. Nyuma yake kulikuwa na kijia cha kurudi nyumbani. Akipita pale hakuna atakayemwona. Watambeba Mashavu wakidhani ni yeye, na mengine yatajulikana baadaye. Alilifikiri hilo, wanangu. Hata mguu wake ulikwishageukia kule. Na hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, maana wengine hawakulijua, alilijua yeye mwenyewe.

"Kaka!"

Akatoka. Akaingia uwanjani akichechemea, na safari hii hakuna aliyeona maringo.

"Sungura wawili!" Kipyenga kikamdondoka Tembo.

"Yule ni Mashavu, mdogo wangu," Sungura akasema, sauti haipandi. "Mimi goti langu lilikufa zamani, huko kwa Mamba. Goli la mechi ile ni lake. Mimi... mimi nilikuwa nimelala manyasini."

Wote wakamwangalia Nyati, wakingoja angurume. Nyati hakunguruma.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza taratibu. "Ningemwomba yeye acheze, kwa jina lake."

Wanangu, afadhali Sungura angepigwa pembe.

Tembo akaokota kipyenga chake, akakifuta. "Timu iliyoingiza mchezaji kwa hila imeshindwa. Bwawa ni la Mlimani."

Hakuna aliyezomea. Wanyama wa Mtopeni waliinuka mmoja mmoja wakaenda kutafuta vibuyu vyao, maana mto ni mbali.

Mama Sungura akatoka kwa watazamaji, akaingia uwanjani. Akampita Sungura kama anayepita nguzo, akachuchumaa kwa Mashavu, akamshika kile kiwiko chenye kovu bichi.

"Kumbe ndio usingizi wenyewe," akasema, na machozi yakamdondoka. "Nimekugombeza bure, mama yangu. Nisamehe." Kisha, bila kugeuka: "Wewe, shika upande ule. Tumbebe."

Basi kiangazi chote kile Sungura alikwenda mtoni na kurudi, kibuyu mgongoni, goti linamlilia. Nyuma yake walifuatana ndama wa Nyati, midomo imekauka, na kila walipomwomba kupumzika alijua ni kwa sababu yake. Wapita njia wakimwuliza, "Wewe si yule Sungura mshambuliaji?" aliinamisha kichwa akasema, "Mshambuliaji ni Mashavu. Mimi nachota maji."

Nyumbani kibuyu cha kwanza alikitua mbele ya dada yake, aliyekaa mlangoni mguu umefungwa vijiti. Alimwomba radhi kila alipotua. Mashavu alikunywa akatazama pembeni. Kimya. Hivyo hivyo, siku baada ya siku.

Mpaka asubuhi moja, mawingu yameanza kujikusanya, Mashavu akanywa, akakunja uso.

"Maji ya leo yana matope," akasema.

Sungura akaruka, goti na maumivu yake yote. "Nirudi nikachote mengine?"

"Kaa kwanza," akasema Mashavu. "Kaa upumzishe hilo goti."

Akakaa chini kando yake, masikio yamelala mgongoni.

Na hadithi yangu imeishia hapo mlangoni, wanangu, na funzo lake ni hili: ukijivika sifa ya mwenzio, siku ya kuivua utaivulia mbele ya watu wote.