Chungu cha Gwantwa

Chungu cha Gwantwa hakigongwi. Mmeisikia leo sokoni mkacheka, sasa mnataka kujua Gwantwa ni nani. Ni bibi yangu mzaa mama! Kaeni basi niwaambie ilivyoanza, maana sipendi isimuliwe na watu wa pembeni.

Bibi alikuwa mfinyanzi, hapa hapa kwetu kando ya Ziwa Nyasa. Mnajua chungu hakinunuliwi bila kukigonga kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa huguna. Bibi hakusubiri kidole cha mtu. "Hiki kina ila," alisema mwenyewe. "Moto umekilamba shingoni. Kiwekee mahindi, usikipikie."

Wenzake walichukia, kwani wateja walianza kuwauliza na wao, "Na chako kina ila gani?" Siku moja ya soko wakamzunguka, Sekela, mkubwa wao, akiwa mbele.

"Gwantwa, unatuharibia. Funga mdomo, au leo ndiyo mwisho wako kuuza hapa."

Bibi alikuwa mjane na watoto wanne. Shamba hakuwa nalo, alikuwa na udongo tu. Hata hivyo hakuyumba.

"Dada Sekela, ila si kosa. Ila imetoka motoni, sikuipanga. Nikiificha ndipo inakuwa kosa, na kosa hilo ni langu."

"Haya, fungasha uende!"

Akainama kufungasha. Mara akafika mzee Mwakalinga, aliyekuwa anamwoza binti yake na kutafuta vyungu kumi vya pombe ya harusi. Alikwishagonga vya Sekela. Viwili viliguna, na Sekela alikuwa kimya.

"Na hivi je?" akamwuliza bibi.

"Hicho chekundu kina ila, kiache. Hivi kumi ni vizima."

Mzee akainua kidole. Mama mmoja, mteja wa bibi wa siku nyingi, akamdaka mkono.

"Wee mzee! Usitutie aibu. Chungu cha Gwantwa hakigongwi!"

Mzee akashusha mkono, akabeba vyote kumi bila kugonga hata kimoja. Hakuna aliyemwambia tena bibi afungashe. Soko lililofuata Sekela alisikika akisema kwa sauti ndogo, "Hiki... kina ila kidogo, hapa kitakoni."

Nami nilipozaliwa nikapewa jina lake. Najivunia, kwa nini nisijivunie? Mtu anayetaja ila yake mwenyewe, akikwambia hapa ni pazima, utamjaribu kwa lipi? Semeni wote nisikie: chungu cha Gwantwa hakigongwi.